UZI: Wageni wenye ulemavu na safari za Arusha na Moshi: tuwape vipimo vya kweli kabla ya kupokea malipo

Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mimi ni dereva na mwongoza watalii, makazi yangu ni Arusha, na safari zangu nyingi ni za Tarangire, Manyara, Ngorongoro na Serengeti. Nimeufungua uzi huu ili tujadili kwa kina namna tunavyowapokea wageni wenye ulemavu: watumiaji wa viti mwendo, wasioona, viziwi, watu wenye ualbino, wazee ambao magoti hayawabebi tena, na wengine ambao ulemavu wao hauonekani kwa macho. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba watu bilioni 1.3, yaani mtu mmoja kati ya sita, wanaishi na ulemavu mkubwa. Kwa hiyo, tunapomzungumzia mgeni huyu tusimchukulie kama mtu anayejitokeza mara moja kwa msimu. Yumo katika familia nyingi tunazozipokea, na mara nyingi yeye ndiye anayeamua kama familia nzima itakuja au itakwenda nchi nyingine.

Hoja yangu ni hii. Kinachomzuia mgeni huyu kuja kwetu si mlima, si simba, wala si vumbi la Serengeti. Kinachomzuia ni jibu la haraka analopewa anapouliza. Mgeni anaandika: je, kiti changu chenye upana wa sentimita 66 kitapita katika mlango wa bafu? Anajibiwa kwamba hakuna tatizo, hoteli ni nzuri na wahudumu ni wakarimu. Ukarimu huo upo na ninaufahamu, lakini haupanui mlango. Mgeni aliuliza sentimita, na aliyemjibu hakuwa na vipimo, wala hakumpigia simu mtu yeyote ili avipate.

Nitoe mfano wa niliyemhudumia mwenyewe. Alikuwa mwalimu kutoka Dodoma, Mtanzania mwenzetu, aliyeweka akiba yake ili waje yeye, mke wake na watoto kuiona kreta ya Ngorongoro. Loji waliyolipia ilimthibitishia kwamba chumba kinafaa kwa mtu wa kiti mwendo. Tulipofika jioni tulikuta njia ya mteremko ya zege mbele ya mapokezi, tena imepakwa rangi vizuri, lakini mlango wa bafu la chumba chake ulikuwa na uwazi wa sentimita 62, na ndani kulikuwa na kizingiti cha kuzuia maji. Usiku ule mwanamume mzima alilazimika kubebwa na mtoto wake wa kiume kwenda haja. Hakulalamika mbele yetu. Mimi niliona uso wa yule kijana asubuhi, na naamini kila aliyemo katika kazi hii ana wajibu wa kuhakikisha jambo kama hilo halimpati mgeni mwingine.

Sheria ipo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na Ibara ya 30 ya mkataba huo inayataja waziwazi maeneo ya utalii kuwa miongoni mwa sehemu ambazo watu wenye ulemavu wanapaswa kuzifikia sawa na wengine. Mwaka uliofuata Bunge letu likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010. Sitarefusha upande huo, kwa sababu wapo humu wanasheria watakaoufafanua kunishinda. Ninataka tuzungumze kuhusu gari, choo na barabara, maana huko ndiko safari inakoharibikia.

Tuanze na gari. Ndani ya kreta ya Ngorongoro hakuna anayeshuka kwenye gari isipokuwa sehemu chache zilizoruhusiwa, kama pale Ngoitokitok. Mwenye miguu yake miwili na mtumiaji wa kiti mwendo wanakaa wote saa nyingi kwenye viti, wakitazama tembo wale wale kupitia paa lile lile lililoinuliwa. Kwa mantiki hiyo, ni shughuli chache za utalii duniani ambazo kwa asili yake zinamfaa mtu asiyetembea kama safari ya kuangalia wanyama. Kikwazo ni ile hatua ya kuingia. Kiti cha Landcruiser yetu kiko karibu mita moja kutoka ardhini, ilhali kiti mwendo cha kawaida kina kimo cha takriban nusu mita. Tofauti hiyo ndiyo ya kutafutiwa dawa.

Yapo magari yaliyofungwa lifti, na mwenye uwezo wa kufunga afunge. Asiye nayo anaweza kutengeneza jukwaa imara la mbao au chuma lenye kimo cha kati, ambalo mgeni atahamia kwanza kabla ya kuingia garini, na akawa na mkanda mpana wa kuhamishia mtu. Lakini kabla ya kifaa chochote kuna adabu. Mgeni aulizwe yeye mwenyewe anahamishwaje, asiulizwe mke wake wala msaidizi wake. Aliyeishi na mwili wake miaka yote anajua bega lipi halivutwi na mguu upi hukakamaa. Nimewaona vijana wenye moyo mwema wakimkimbilia mgeni na kumnyanyua kwa makwapa bila hata kumwambia, wakidhani wanamsaidia. Hivyo ndivyo mtu anavyoteguka bega. Anayenyanyua apige magoti, mgongo ubaki wima, wawili wahesabu pamoja kwa sauti, na breki za kiti ziwe zimefungwa kabla mkono wowote haujamgusa mgeni.

Jambo la pili ambalo madereva wengi hatujafundishwa ni ngozi. Mtu aliyeumia uti wa mgongo mara nyingi hasikii maumivu sehemu za chini za mwili. Lami inaishia geti la Loduare, la kuingilia Ngorongoro, na kuanzia hapo hadi Seronera, katikati ya Serengeti, gari linatikisika kwenye vumbi lenye mikunjo kama bati. Mimi na wewe tukiumia tunajisogeza bila kufikiri, lakini yeye hapati ile ishara ya kujisogeza. Saa kadhaa za namna hiyo juu ya kiti kigumu zinatosha kumtia kidonda cha mgandamizo, na kidonda hicho kinaweza kuchukua miezi kupona. Kwa hiyo ule mto wa kiti mwendo chake usifungiwe nyuma na mabegi. Uwekwe juu ya kiti cha gari aukalie, na dereva asimame kila baada ya muda mtakaokubaliana ili ajiinue kwa mikono au asaidiwe kubadili mkao. Vilevile, baadhi ya walioumia sehemu ya juu ya uti wa mgongo hawatoki jasho ipasavyo, hivyo joto la mchana la Tarangire linaweza kuwazidi hata kama hakuna mwingine garini anayelalamika. Chupa ya kupulizia maji usoni na kivuli cha mchana si anasa kwao.

Kwa leo naomba niishie hapo kuhusu gari, nisikie wengine. Ningependa hasa kusikia kutoka Moshi.

Mchangiaji kutoka Moshi

Ndugu mwanzisha uzi, nakushukuru kwa kulileta jambo hili kwa uzito unaostahili. Mimi nilikuwa mpagazi, sasa ni mwongoza wageni mlimani, na naomba niongezee upande wa Kilimanjaro, kwa kuwa watu wengi hudhani hapa mlango umefungwa kabisa.

Mlima huu wenye mita 5,895 umepandwa na Erik Weihenmayer, ambaye haoni, mwaka 1997. Bernard Goosen wa Afrika Kusini alifika kileleni akiwa kwenye kiti mwendo mwaka 2003, akarudia mwaka 2007. Kyle Maynard, aliyezaliwa na mikono inayoishia kwenye viwiko na miguu inayoishia karibu na magoti, aliupanda kwa kutambaa Januari 2012. Nawataja hawa kwa heshima, lakini nina ombi: tusiwageuze kuwa kipimo cha kila mgeni mwenye ulemavu. Wapo wageni wengi ambao hawataki kuvunja rekodi yoyote. Wanataka kuingia msituni, kumsikia mbega, kuona wingu likipita chini yao, kisha warudi nyumbani na furaha yao. Nao pia ni wapandaji.

Kwa wageni hao yapo yanayowezekana. Njia ya Marangu ndiyo pekee yenye vibanda vya kulala, na kuanzia getini hadi Mandara, kwenye mita 2,720, ni njia ya msituni inayoweza kupitika kwa kiti maalumu cha gurudumu moja kinachoshikwa na watu mbele na nyuma. Wafaransa walikibuni mwaka 1987 na wanakiita Joëlette. Anayekishangaa akumbuke kwamba machela ya gurudumu moja sisi tunayo mlimani kwa ajili ya uokoaji, na wapagazi wetu wanajua kuishusha usiku, kwenye mvua, juu ya mawe, bila kumwangusha mgonjwa. Ujuzi wa kuendesha kiti kile tayari umo mikononi mwa vijana wa Marangu na Machame. Wanachohitaji ni viti vyenyewe na mafunzo ya kumbeba mtu mzima wa afya yake ambaye anataka kuzungumza nao njiani, badala ya mgonjwa anayekimbizwa hospitali.

Kuhusu Shira, upande wa magharibi wa mlima, ni kweli gari linapanda kupitia geti la Londorossi hadi nyanda za juu zaidi ya mita 3,000. Nawasihi wenzangu msiiuze hiyo kama njia rahisi ya kumfikisha mtu wa kiti mwendo juu. Mwili uliopandishwa kwa gari ndani ya saa chache haujazoea hewa nyepesi, na mgeni ambaye dawa zake au mapafu yake yana matatizo anaweza kuzidiwa haraka kuliko mtembeaji. Ashauriane na daktari wake kwanza, na aliyempandisha awe tayari kumshusha wakati wowote.

Kwa wasioona, nadhani Moshi inaongoza. Mpelekeni mgeni kijiji cha Materuni kwenye kahawa. Atachuma tunda lenyewe, atalimenya kwa vidole, atasikia utelezi wa ile mbegu, atashika mchi na kutwanga pamoja na wenyeji huku wakiimba, atasikia kahawa ikipasuka chunguni na harufu ikibadilika kutoka nyasi kuwa moshi mtamu. Hapo mwenye macho hamzidi kitu. Njia ya kwenda maporomokoni ndiyo yenye utelezi, na hiyo aambiwe mapema, aamue mwenyewe.

Mchangiaji mwingine, Moshi

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Mimi natumia kiti mwendo tangu utotoni na nimezaliwa mjini Moshi. Nawaunga mkono, ila naona mazungumzo yanaelekea sana kwa mgeni anayeshuka uwanja wa ndege wa KIA. Sensa ya mwaka 2022 ilionesha kwamba asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu wa aina fulani. Sisi pia tuna sikukuu, tuna mapumziko, tuna wachumba tunaotaka kuwatoa.

Mimi Kilimanjaro naiona kila asubuhi wingu likiondoka, lakini kufika Chemka, pale kwenye chemchemi ya Kikuletwa, ni kazi kubwa. Daladala hainichukui kwa sababu kiti changu kinakula nafasi ya abiria, hivyo nakodi gari zima kwa bei ambayo mwenzangu angeitumia kwa matembezi manne. Nikifika, mita za mwisho ni mizizi ya mikuyu na ukingo ulioinama. Ndani ya maji sasa, ndugu zangu, mwili wangu ni mwepesi na naogelea kama yeyote, na kuna saa nzima ambayo hakuna anayejua nani alikuja na kiti na nani alikuja kwa miguu. Ngazi ya mbao yenye kishikizo na jukwaa dogo la kukalia pale ukingoni vingetosha. Mafundi wa Boma Ng'ombe wangevimaliza kwa siku chache.

Kuna jambo moja zaidi. Moshi tuna TATCOT, chuo kilichopo hospitali ya KCMC tangu mwaka 1981, kinachofundisha wataalamu wa viungo bandia na wa viti mwendo, na wanafunzi wake hutoka nchi nyingi za Afrika. Hapo hapo KCMC hutengenezwa mafuta ya Kilisun kwa ajili ya ngozi ya watu wenye ualbino. Inashangaza kwamba mji wenye elimu hiyo unamwacha mgeni ambaye kiti chake kimepasuka tairi ahangaike na fundi wa pikipiki. Kampuni za utalii zingekuwa na orodha ya wataalamu hawa, na tyubu za akiba ndani ya gari, na ile chupa ya mafuta ya jua karibu na maji ya kunywa, kwa sababu paa la gari likiinuliwa mchana kutwa, mwenye ualbino ndiye anayelipa gharama ya jua hilo.

Mchangiaji wa tatu, Arusha

Nimesoma kwa makini. Nina nyumba ndogo ya wageni Karatu, vyumba vichache, mkopo bado unanikaba. Naomba nisieleweke vibaya, lakini mimi nisiye na mtaji wa lifti wala wa kubomoa nifanye nini? Nikisema ukweli kwamba chumba changu hakifai, si ninampoteza mgeni kwa jirani anayesema uongo?

Mwanzisha uzi

Nashukuru sana kwa michango hii, na kwa namna ya pekee namshukuru kaka wa Moshi aliyetukumbusha Chemka. Nakiri kwamba hoja yake ya usafiri wa daladala ni nzito na inastahili uzi wake peke yake.

Sasa nimjibu ndugu wa Karatu, kwa kuwa swali lake ni la wengi. Ukweli hautakupotezea mgeni kama utauambatanisha na vipimo. Wageni hawa hawafanani. Yupo anayetumia kiti mwendo barabarani tu na ndani anaweza kusimama na kupiga hatua chache akishika ukuta, na huyo chumba chako kinaweza kumfaa kabisa. Yupo ambaye kiti chake ni chembamba. Yupo anayesafiri na kiti chake cha kuogea kinachokunjwa. Ukimwandikia kwamba mlango wa bafu una uwazi wa sentimita 68, kizingiti kina sentimita 4, kitanda kina kimo cha sentimita 55 na njia ya kutoka maegeshoni ni ya kokoto, atajua ndani ya dakika moja kama anakuja. Yule jirani aliyesema uongo atapata malipo ya usiku mmoja, kisha atapata maelezo marefu mtandaoni yenye picha, na wageni wa namna hii husomana sana kabla ya kuamua.

Ama kuhusu kazi za mikono, kuna zisizohitaji mkopo. Mlango wa bafu unaofungukia ndani unaweza kugeuzwa ufungukie nje, na tayari umeokoa nafasi ya kuzungushia kiti. Bawaba zikibadilishwa na zile zinazouondoa mlango wote njiani unapata sentimita chache ambazo zinaweza kuwa ndizo zilizokuwa zinakosekana. Vishikizo viwili vya bomba la chuma pembeni mwa choo vifungwe kwenye tofali kwa boliti ndefu, visifungwe kwenye plasta, kwa sababu mtu ataviegemea kwa uzito wake wote. Njia ya mteremko nayo ina kanuni yake: kwa kila sentimita moja ya kimo weka angalau sentimita 12 za urefu. Ngazi moja ya sentimita 20 inadai mteremko wa mita 2 na sentimita 40. Nimeona nyingi zilizojengwa nusu ya hapo, ambazo mtu hawezi kuzipanda peke yake na anaposhuka anaweza kwenda kichwa mbele.

Ndege pia nisiisahau. Anayewauzia wageni safari ya ndege ndogo kutoka uwanja wa Arusha kwenda Serengeti awaeleze kwamba nyingi ni Cessna Caravan, zina ngazi nyembamba mlangoni, na mizigo huwa ni kama kilo 15 kwa abiria. Kiti mwendo cha umeme hakiingii humo kirahisi. Kile kinachokunjwa kinaweza kuingia, ila shirika liarifiwe mapema pamoja na uzito wake, na betri kama ipo itajwe aina yake.

Kwa wageni viziwi, ushauri wangu ni mfupi kwa sababu tiba yake ni rahisi. Dereva akizungumza huku anatazama mbele, kiziwi anayesoma midomo anaona kisogo. Simamisha gari, geuka, eleza, kisha ondoka. Uwe na ubao mdogo wa kuandikia, na mkubaliane ishara za mkono kwa wanyama wakubwa na kwa neno "kaa chini haraka". Kama kundi zima ni la viziwi, mkalimani wa lugha ya alama aingie katika bei kama anavyoingia mpishi, na Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, ndipo mahali pa kuanzia kuulizia. Wapo pia watu wenye ulemavu wanaoweza kuwa wenyeji wa safari hizi badala ya kuwa wageni tu. Aliyefika karakana ya Shanga hapa Arusha amewaona mafundi wenye ulemavu wakiyeyusha chupa kuukuu na kuzigeuza shanga na vyombo vya kioo, na hakuna mgeni anayetoka pale akiwahurumia.

Arusha inajengewa uwanja kwa ajili ya AFCON 2027, na mashabiki watakaokuja watataka kuona wanyama kati ya mechi na mechi. Wamo watakaokuja na viti mwendo na fimbo nyeupe. Muda wa kubomoa na kujenga upya ni mdogo, lakini muda wa kupima upo.

Kwa hiyo naanza mimi. Wiki hii nitaweka hapa vipimo vya vyoo vyote vya njiani ninakosimama na wageni kutoka Makuyuni hadi geti la Loduare: uwazi wa mlango, kizingiti, kimo cha choo, na kama kiti kinaweza kugeuka ndani. Ndugu wa Karatu, ukiwa tayari, weka vya vyumba vyako kwa sentimita, pamoja na picha ya mlango wa bafu ukiwa wazi kabisa na tepu imeshikiliwa kutoka fremu hadi fremu. Kaka wa Moshi, wewe utuambie tumesahau kupima nini.